Mume Niliyemtunga Ameingia Mlangoni na Sanduku

Mpendwa Shangazi Dorothea,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mashine namba nne, ambayo ndiyo haitetemeki sana, naomba unisaidie upesi maana mwisho wangu ni Jumapili hii, na ukiona mwandiko umepinda ujue namba tano imeanza kukamua. Jina langu ni Glenys Ormerod, nina miaka hamsini na minane, sijawahi kuolewa, ninaendesha duka la kufulia nguo hapa Mtaa wa Pinfold, mji wa Skelderby, na bila shaka mtaa wetu unaujua kwa sababu ninyi mnauangalia kwenye televisheni kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa moja unusu jioni. Sisi wenyewe hatujawahi kuuangalia, hatuna nafasi, saa hiyo ndipo mambo yanapotokea.

Kwa miaka thelathini na moja nimeona kila kitu hapa, lori limeingia baani kupitia ukutani mara tatu, mwalimu mkuu amegundua kwamba mama yake ni dada yake, na mpwa wangu alipanda ghorofani kutafuta soksi mwaka wa tisini na nne na mpaka leo hajashuka na hakuna anayemuulizia. Mtu akisema neno zito, tarumbeta hulia kutoka sijui wapi, nasi sote husimama tuli macho yametutoka mpaka ziishe, tumeshazoea. Lakini Shangazi, hazijawahi kulia kwa ajili yangu, hata mara moja, wenzangu wakigombana mbele ya mashine zangu mimi ndiye yule wa nyuma anayekunja shuka na kuuliza, "Kuna anayetaka chai?"

Sasa nimempata Wilf Tattersall, fundi vioo, na kwa mtaa kama wetu unaweza kukisia ana kazi kiasi gani. Kwa miaka minne ameniletea ovaroli zake kila Alhamisi na kukaa pale kwenye benchi akiziangalia zikizunguka, ingawa nyumbani kwake ana mashine ya kufulia nzima kabisa, nimeiona kwa macho yangu. Mwezi wa pili alikuwa juu ya ngazi akitengeneza dirisha la baa, akaniita, "Glen, nishikie kioo hiki, usikiachie, na ukipenda tuoane." Nikasema ndiyo, na sikuweza hata kujifuta machozi kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kioo.

Tatizo ni matangazo ya ndoa. Unajua kanisani kwetu kasisi husoma majina ya wachumba Jumapili tatu, na kila Jumapili huuliza kama yupo anayejua sababu ya hawa wawili kutooana, halafu siku ya harusi huuliza tena, jumla mara nne, na tangu nihamie Pinfold hakuna ndoa iliyowahi kulivuka swali hilo bila mtu kusimama. Dada yangu Avril, mwenye baa, ndoa zake tatu mtu alisimama kuzipinga, na mara ya tatu aliyesimama alikuwa yeye mwenyewe. Basi Jumapili ya kwanza Kasisi Philippa akasoma majina yetu, akauliza, akanyamaza, akavua miwani, akangoja. Watu wote wakageuka kuangalia mlango. Kuna mtu akapiga chafya, kanisa zima likamwambia, "Sema!" Lakini yalikuwa mafua tu.

Tulipotoka nje Avril akanishika mkono. "Wewe mdogo wangu, kimya kile kimenitia baridi."

"Si ni vizuri, dada? Maana yake hakuna kizuizi."

"Usinichezee. Mtu mzima wa umri wako hana siri? Yako lazima ni kubwa kuliko zetu zote, ndiyo maana hatujaijua."

Kuanzia Jumatatu walianza kuniletea nguo safi, Shangazi, zimepigwa pasi, ili wapate kisingizio cha kukaa na kunichungulia. Mmoja akaniuliza kama kweli Glenys ndilo jina langu. Mwingine akagonga ukuta kusikiliza kama kuna mtu nyuma yake. Nikaona sawa, kama mtaa unataka siri nitaupa, siri ndogo, kuukuu, waitafune na kuimaliza kabla ya siku ya harusi, basi Jumatano mchana nikaenda baani, nikasimama mbele ya kaunta, nikasema kwa sauti, "Nilishawahi kuolewa."

Avril akaweka glasi chini. "Na nani?"

"Na Ronald. Scarborough. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Yuko wapi huyo Ronald?"

"Alitoka na kimtumbwi cha kukodi, kile cha kuendesha kwa miguu, chenye umbo la bata. Bahari ikamchukua."

"Maiti ilipatikana?"

"Haikupatikana."

Hapo ndipo nilipoharibu, na mtoto yeyote wa Pinfold angenizuia, maana kwetu mtu ambaye maiti yake haikuonekana hakufa, yuko njiani. Lakini sikufikiri, Shangazi, kwa sababu tarumbeta zililia, zililia kwa ajili yangu, watu wote wamesimama wakinitazama mimi, na nakiri kwako ingawa naona haya, nilijisikia mrefu.

Ijumaa jioni mlango wa baa ukafunguka, akaingia mwanamume wa makamo mwenye koti la mvua na sanduku, akatazama huku na huku, akasema, "Samahani kwa kuchelewa, Glenys." Tarumbeta. Nikamwambia simjui. Avril akasema ni mshtuko, akampa chumba cha juu na sahani ya pai ya nyama na viazi. Kesho yake alikuja dukani, nikamvuta pembeni ya mashine ya kukaushia, nikamwambia, "Wewe baba, mimi sina mume, nilikutunga."

Akakunja ncha ya shuka langu vizuri sana, akasema, "Najua, mama. Mimi nilikuwa mjomba aliyepotea, mtaa mmoja huko kusini, wakanipata, wakanichoka. Nikasikia huku kuna nafasi ya mume."

"Hakuna nafasi!"

"Dada yako anasema ipo."

Na si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniua, anakunja shuka kuliko mimi, anajua naweka sukari vijiko viwili, amemkumbusha Avril mambo ya harusi yetu mpaka Avril akalia, ingawa Avril hakuwepo, wala harusi haikuwepo, na jana aliponieleza ile mvua ya Scarborough, Shangazi, hata mimi nilianza kuikumbuka. Jumapili ya pili aliinuka nusu kanisani, Avril akamvuta koti, "Kaa chini, subiri ya tatu, ndiyo watu wanajaa." Kwa hiyo atasimama Jumapili hii.

Wilf hakupiga kelele. Alikuja dukani, akakaa kwenye benchi lake bila ovaroli, akaniuliza, "Glen, kwa nini ulikwenda kuwaambia wao kabla yangu?" Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema Ronald ni mume halali na yeye hataki kusimama kati ya watu waliotenganishwa na bata, kwa hiyo ameagiza teksi nyeusi Jumapili saa sita mchana, atakwenda kwa kaka yake, mji wa Hull. Na kwetu, Shangazi, anayeondoka kwa teksi harudi. Kesho yake hata jina lake halitajwi, nyumba yake inapata watu wapya wenye matatizo yao.

Sasa naomba uniambie, nimtaliki mume ambaye sijawahi kuwa naye, au nimzike angali anakula pai za dada yangu, au nimwambie Wilf ukweli? Maana ukweli wenyewe hauna ladha, ni kwamba ndani yangu hakuna siri, hakuna chochote, na ninaogopa siku akiligundua hilo ataondoka hata bila Ronald. Nampenda. Sijawahi kuandika neno hilo mahali popote, nimeliandika hapa juu ya mashine.

Wako anayehangaika,
Glenys Ormerod

*

Glenys,

Jibu lako nimelituma kwa posta ya haraka leo hii, kabla halijachapwa gazetini, kwa hiyo litakufikia Alhamisi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka katibu wangu akaja kuangalia kama nimekabwa na biskuti. Mara ya pili sikucheka.

Pole sana. Sasa keti vizuri nikuseme.

Unaniambia ulidanganya ili harusi yako ipite salama. Si kweli, na wewe mwenyewe umenipa ushahidi. Ulidanganya kwa sababu kwa miaka thelathini na moja umekunja shuka za watu wenye misiba mikubwa, na siku moja ukataka na wewe utazamwe. Ukatazamwa na nani sasa? Na walevi wa mchana! Nakuelewa, ningekuwa mimi pengine ningetunga waume wawili. Lakini usinipambie. Ronald hakuletwa na Avril, wala na bahari. Uliyemfungulia mlango ni wewe, kwa sababu zile tarumbeta zilikunogea.

Na huyo dada yako mwambie kutoka kwangu kwamba kulia kwenye kumbukumbu ya harusi ambayo haikufanyika ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Sasa kuhusu Wilf. Mama, mtu mwenye mashine nzima nyumbani kwake amekaa kwenye benchi lako kila Alhamisi miaka minne akitazama ovaroli zikizunguka. Unadhani alikuwa anasubiri siri? Katika mtaa mzima wa watu wanaopigiana kelele, huyo fundi amechagua mahali pamoja penye mtu anayeuliza kama kuna anayetaka chai. Kile unachokiita "hakuna chochote" ndicho alichokifuata. Halafu ukaenda ukampa Ronald! Kilichomuumiza si mume wa kwanza. Amekuambia kwa mdomo wake kilichomuumiza, nawe ukamjibu kwa chai.

Sikiliza utakavyofanya. Leo hii unapoisoma barua, si Jumapili, nenda nyumbani kwake. Jikoni. Funga mlango, halafu funga na dirisha, maana nawajua watu wa Pinfold, hakuna neno lililowahi kusemwa kwenu bila mtu kusimama nje ameshika chupa ya maziwa. Mwambie maneno haya, usiyaongeze chumvi: "Sijawahi kuwa na mume. Nilidanganya, kwa sababu nilitaka wanitazame. Nilipaswa kuja kwako kwanza, na sikuja." Kisha nyamaza. Usilie mpaka yeye azungumze. Tarumbeta zikianza wewe usisimame tuli kama mnara, mshike mkono uendelee kuzungumza kwa sauti ya kuzishinda. Anaweza kukasirika. Ana haki, mwache akasirike mpaka amalize. Anaweza pia kukataa, Glenys, sitakudanganya, na akikataa utabeba mzigo wako bila kumtungia mtu mwingine kimtumbwi. Lakini ile teksi usije ukaikimbilia barabarani Jumapili ukiliita jina lake. Kwenu anayekimbilia gari hugongwa na gari jingine.

Ronald usimzike, usimtaliki, wala usimsukume kutoka juu ya paa la kiwanda, najua kuna watakaokushauri hivyo. Mwambie aende mwenyewe kwa Kasisi Philippa, ofisini kwake, kabla ya Jumapili, akaseme hakujui. Akisitasita, muulize mbele ya kasisi harusi yenu ilikuwa tarehe ngapi na cheti kiko wapi. Halafu mpe kazi, kama anakunja shuka vizuri kama unavyosema. Mtu aliyezunguka nchi nzima akiomba kuwa ndugu wa mtu hana shida ya mke, ana shida ya mahali pa kukaa. Siku za kazi awe dukani. Jikoni kwako asiingie.

Wilf akikusamehe, Jumapili mtakaa pamoja benchi la mbele. Kasisi atauliza, na watu wataanza kugeuka kuangalia mlango. Wewe usigeuke. Hicho kimya kinachowatia baridi majirani zako, sisi tunaoishi nje ya televisheni tunakaa ndani yake miaka arobaini, tukiulizana tu ni zamu ya nani kutoa pipa la taka, na tukikikosa kwa siku mbili tunaugua.

Na akikuuliza leo kama kuna jingine unalomficha, usikune kichwa ukitafuta. Sema hakuna. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Sasa weka barua hii mfukoni, shuka kwenye hiyo mashine, uende kwa Wilf. Usipitie baani.

Shangazi Dorothea