Nilipoitika Naam

Kikwajuni,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Dada yangu Nadhira,

Assalaamu alaykum. Shikamoo Dada. Natumai wewe, shemeji na mtoto hapo Wete hamjambo. Sisi wazima wa mwili, alhamdulillahi. Naahidi leo sitakuficha kitu. Nakuandikia kwa sababu simu ninayotumia ni ya Baba, na habari zenyewe ni zake.

Unajua Baba alimuuzia gari letu Bi Salhiya wa Mpendae, ili mwanawe apelekee wageni Kendwa. Juzi Bi Salhiya alikuja, hata kukaa hakutaka. Alisema gari likisimama na AC imewashwa, hutetemeka kama mtu mwenye homa, na mgeni mmoja ameteremka njiani akasema bora aende kwa miguu. "Mansour," alimwambia Baba, "umeniuzia gari au mashine ya unga?"

Fundi wake, Haroub, amemweleza kwamba AC huzungushwa na injini ile ile, kwa hiyo ikiwashwa injini huelemewa. Na raba zinazoishikilia injini zimekatika, basi mtikisiko wote huingia ndani. Tena Haroub akasema gari hili analijua. Baba alishampelekea kabla ya kuliuza, akaambiwa hayo hayo, akaondoka nalo vile vile.

Baba akakana. Hapo Bi Salhiya akanigeukia mimi. Alisema siku walipolijaribu alitaka kuwasha AC, Baba akamzuia, akasema mimi mwanawe nina pumu, baridi itanidhuru. "Nawe uliulizwa ukasema naam!"

Dada, mimi sijapata kuugua pumu. Siku ile Baba alinichukua matembezi, jambo asilolifanya, na nilifurahi hata nikawasimulia wenzangu skuli. Nilikaa nyuma, dirisha wazi, upepo masikioni. Nilisikia jina langu tu. Nikaitika naam, kama tulivyofunzwa, nikasubiri kutumwa. Hakunituma.

Bi Salhiya alipoondoka nilimuuliza Baba kwa nini. Hakukasirika. Alisema, "Mimi nlikwita jina tu. Kuitika umeitika mwenyewe." Ndipo nilipojua matembezi yale yalikuwa ya nini.

Alhamisi tumeitwa kwa sheha atuamue, na Bi Salhiya anataka niulizwe mbele ya watu. Jana Baba amenambia nikifika huko nikohoe kidogo.

Sitakohoa, Dada. Nitasema kweli, naye atakuwa amekaa pale pale ananitazama. Bado naomba usiku na mchana alitengeneze gari la watu kabla ya siku hiyo, nisiwe na la kusema.

Mama anakusalimu sana. Mbusu mtoto, umwambie shemeji shikamoo yake ipo. Barua hii anakuletea Mwamvua, na atarudi huku na boti ya Jumatano. Mpe jibu mkononi: je, utakuja naye, ukae karibu yangu?

Mdogo wako,
Radhiya