Pale Goti Lilipogusa Nyasi

Mama Neema, mke wangu,

Salamu kutoka kwenye joto hili la Uarabuni lisilo na adabu. Umepata usingizi tangu kuku wafe? Mguu wa Mama je, na Neema ameacha kukohoa? Mimi mzima, ila maneno yako ya kwenye simu hayanitoki kichwani: "Baba Neema, tumerudi sifuri. Jumamosi nang'oa mabati ya banda niuze, na wewe weka sahihi mkataba ukae huko miaka mingine miwili." Simu ikakatika kabla sijajibu.

Sasa sikia kilichonipata. Juzi nilikuwa zamu ya ulinzi kwenye nyumba za Wazungu kule Al Wukair. Nikaona wanaume wazima wamerundikana juu ya mwenzao uwanjani. Nikajua ni vita! Nikakimbia nikipuliza filimbi kwa nguvu zote. Wote wakaacha, wakainuka, wakajipanga mistari miwili. Kumbe ni mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la papai, na wamenidhania refa. Wafula, mwenzangu wa zamu, alicheka hadi akakaa chini. "Aki wewe! Mudir akijua umekuwa refa, khalas, utaenda home!" Mudir ndiye bosi wetu, na khalas ni kusema basi, imekwisha.

Mmoja wao akanieleza bila kunicheka. Kila jaribio wanaliita dauni, na wana dauni nne za kusogeza mpira yadi kumi. Mwenye mpira akiangushwa, goti likigusa nyasi, dauni imekwisha, haguswi tena.

"Halafu anarudi alikoanzia?" nikauliza.

Akashangaa. "Kwa nini arudi? Wanaanzia pale alipoangukia."

Mke wangu, kuku wetu wamekufa, na nimelia ndani ya basi la kampuni wenzangu wakijifanya wanatazama nje. Lakini sifuri hatujarudi. Ulipoanza kufuga hukujua kideri, huo ugonjwa uliowaua, ni nini. Leo unakitambua kwa kuangalia shingo ya kuku. Banda lipo. Wateja wa mayai bado wanakuulizia. Mudir ameleta mkataba mpya na sijautia sahihi, wala sitautia. Huu nilio nao ukiisha, narudi tufanye kazi hiyo wote wawili.

Msalimie Mama, na shemeji yangu fundi aliyelijenga banda, na jirani yetu Mama Zuhura aliyekusaidia kuwafukia kuku.

Barua hii anaileta Wafula mwenyewe, anakuja likizo. Nimemsihi afike kabla ya Jumamosi, na nimempa filimbi yangu. Akikukuta juu ya banda na nyundo, ataipuliza. Tafadhali ushuke.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Neema