Kamba ya Buluu Mlangoni kwa Benadetha

Mbinga Mjini,
Septemba 2022

Kwako dada yangu Kunigunda, Mbaha,

Shikamoo dada. Kabla ya yote nipe hali yako, maana mtu asiyemuuliza dada yake hali hafai hata kuchekewa na mbuzi. Magoti yameachia? Shemeji Stanslaus naye, kile kikohozi kilichomfanya alale amekaa, kimemtoka? Na ziwa limetulia, au bado linatupa mitumbwi mchangani kama mtoto anayetupa vijiti? Mimi mdogo wako ni mzima, chuma cha Mjerumani. Mafundi pikipiki tumejaa mji huu, lakini pikipiki ikiwashinda wote wenye vyeti vyao, wanaisukuma mpaka kwangu mimi niliyeishia darasa la sita. Usipa uliotuma, dagaa wetu wa ziwani, ulifika. Majirani walisikia harufu wakaja kunisalimia mmoja mmoja, watu ambao tangu Krismasi hawakujua kama ninaishi. Niliwagawia wote. Nifanyeje, mkono wangu hauna kifuniko.

Najua unajiuliza kwa nini barua, zama hizi za simu. Dada, wewe simu unaiongelea kwa spika. Nikipiga chafya hapa Mbinga, Mbaha nzima inaniambia pole. Haya ni ya macho yako peke yako, ndiyo maana nimempa Henry, dereva wa gari la dagaa, na bahasha nimeigandisha kwa solusheni ya kuzibia pancha. Ukiikuta imefunguliwa, ujue Henry ana meno ya panya.

Pasaka uliniuliza swali moja: ukoo wetu uende Chiwanda kwa wazazi wa Benadetha kupeleka posa, au usiende? Nikasema subirini kwanza, kuna jambo silielewi. Tangu hapo kila ukiuliza nakimbilia habari za mvua. Leo nakujibu. Ila uvumilie kupanda mlima pamoja nami, jibu liko juu.

Benadetha unamjua kwa kusikia tu. Mumewe alifariki kabla ya korona, akamwachia duka la vitenge na vyombo pale karibu na soko. Lile duka lilikuwa raha ya mji. Mimi nimetembea, dada, hilo hubishi. Nimekaa Tunduma, nimevuka Malawi nikala mpaka lugha yao, na Kariakoo nimeishi hadi wapiga debe wakawa wananiachia kiti. Lakini sijaona starehe kama kuzunguka maduka ya Mbinga msimu wa kahawa. Watu wanateremka kutoka Mbuji na makoti yanayonukia sanduku, mtu na mkewe na mama mkwe. Hawanunui kwanza. Wanashika. Wanagonga sufuria kwa kucha wasikilize mlio. Wanakunjua kitenge, wanakivuta pembeni kuona kama ni kizito, mama mkwe anakipeleka mlangoni kwenye mwanga, anakirudisha, wanaingia duka la pili kusema ubaya wa duka la kwanza. Jioni wanarudi nyumbani na kiberiti na wamefurahi mno.

Kwa Benadetha ndiko tulikoshika kuliko kote. Alikuwa anasema mteja wa macho leo ndiye mteja wa mfuko kesho. Mimi nilikuwa naingia na mikono yangu ya oili, ananifukuza kwa fimbo ya kupimia nguo, nazunguka meza, naye ananizunguka, wateja wanacheka. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuota mizizi.

Ikaja korona. Ndoo yenye bomba kila mlango, sabuni ya kipande, maboksi yaliyoandikwa nawa hapa. Wenye maduka wakaweka meza na kamba mlangoni. Duka likawa kama altare: unatazama kwa mbali, unainama, unaondoka. Tena na barakoa! Utamlainisha vipi muuzaji akupunguzie bei, na mdomo wako wote umefichwa, umebakiwa na macho mawili kama bundi? Mimi ambaye mali yangu ni tabasamu nilifilisika. Benadetha naye akafunga kamba yake, ya manila, ya buluu, na boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: USIINGIE. SEMA UNACHOTAKA, UTALETEWA.

Sikumlaumu. Korona ni korona. Lakini korona ikalegea, dada. Ndoo zikarudi kwenye kazi yake ya kukoroga pombe. Barakoa tukafungia mirija ya pikipiki. Maduka yote yakafungua, watu wakaanza kushika tena kwa uchu kama waliotoka kifungoni. Kamba ya Benadetha ikabaki palepale.

Hapo nikaanza kushuku. Mtu mzima hawezi kuzuia watu kuingia dukani bila sababu. Nikimuuliza ananijibu kwamba ugonjwa haujaisha, unajificha. Mzaha wangu alikuwa anaupokea nusu. Napita mlangoni nainua mkono, kimya, kama amepita mbwa. Kanisani wakati wa kutakiana amani tuliruhusiwa tena kushikana mikono. Nikampa mkono, ukabaki unaning'inia hewani, yeye akainama kidogo kama zamani za korona na kutazama mbele. Niliuficha mfukoni kwa aibu. Nikasema moyoni, huyu amepata mwingine.

Na mwingine nikampata haraka, maana mimi si mjinga. Erasmo, fundi seremala, yule mrefu asiyeongea. Kamba inayonizuia mimi, kwake inainuliwa. Anaingia na msumeno, pazia la nyuma linashushwa, unasikia nyundo mbili tatu halafu kimya kirefu. Mimi ni fundi, najua kazi. Kazi isiyoisha wiki ya tatu si kazi ya mbao. Tena mbao zenyewe vipande vidogo vidogo, vya kutengenezea nini, jeneza la kuku?

Dada, mdomo wangu unaujua. Kijiweni nikasema. Nilisema kwa utani tu, kwamba kwa Benadetha siku hizi kuna bidhaa isiyoonyeshwa wateja, na ina suruali. Walicheka sana. Nilijiona mtu mkubwa.

Lakini kucheka hakukunipa usingizi, nikapanga kumtega. Nilijua mwanamke anayekataa fundi wa oili anaweza kumfungulia kamba tajiri. Nikaazima koti la katekista Tobias. Nikaoga kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikalia, nikajipaka pafyumu ya mke wa Tobias bila Tobias kujua, nikavaa barakoa, nikashusha kofia. Nilikuwa mfanyabiashara wa Songea kamili. Sauti yangu anaijua, kwa hiyo niliamua sitatoa neno, nitaonyesha kwa kidole tu.

Mchana wa jua kali nikasimama kwenye kamba. Akaja na uso mzuri sana, ule wa zamani, akanikaribisha. Nikanyoosha kidole kwenye kitenge chekundu chenye ndege. Akanikaribisha tena, akasema nitaje tu ninachotaka, baba au mama.

Baba au mama! Na koti lile la kiume, na ndevu zimetoka pembeni mwa barakoa kama nyasi kwenye ufa. Nikadhani ananidharau. Nikanyoosha kidole zaidi, karibu kiguse kitambaa. Akangoja, anatabasamu. Nikasogea kushoto taratibu bila kukanyaga kwa nguvu. Lile tabasamu halikunifuata. Lilibaki palepale nilipokuwa, linamchekea mtu ambaye hayupo.

Dada, kidole changu kilikuwa bado hewani. Nilikuwa nimevaa vyote vile kumtega mtu asiyeniona.

Nikavua barakoa, nikaita jina lake. Akashtuka, akashika meza. Kisha akasema kumbe ni Raimundi, na mbona leo ninanukia kama bibi harusi. Alijaribu kucheka, cheko likakataa katikati. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia niingie, niinue kamba mwenyewe na nisiguse kitu.

Akanieleza kwamba ni presha ya macho. Ilianza mumewe akiwa hai, kidogo kidogo kutoka pembeni. Alikuwa na tarehe ya kurudi hospitali mwaka ule ule wa korona. Watu wakatishana kwamba hospitali ndiko kwenye ugonjwa, naye akaogopa, akakaa nyumbani. Alipokwenda, wakamwambia kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni mwanga na vivuli, tena vya mbele yake tu. Mtu akisimama mlangoni anajua kuna mtu. Nani, hajui mpaka aseme.

Akaniambia, na hili lilinichoma, kwamba sisi tulipokuwa tunailaani korona kwa kutunyima kushikashika vitu, yeye alipiga goti akashukuru. Kwa sababu duka lake lote liko kwenye vidole. Uzi mweusi uko hapa, vifungo pale, vitenge vya nta huku. Mtu akiingia akakunjua kitenge na kukirudisha sehemu nyingine kwa roho safi, ameliharibu duka zima. Kwa miaka ile serikali yenyewe ilimsaidia kusema msishike. Barakoa nazo zilimfichia, maana kila mtu alikuwa hamtambui mwenzake, hakuna aliyeshangaa kuulizwa wewe nani. Erasmo alikuwa anamtengenezea vijumba kwenye rafu, kila kitu na chumba chake. Kumbe fundi yule ananyamaza kuliko mbao zake.

Nikamuuliza kwa nini hasemi tu ukweli, watu wamhurumie. Akanijibu kwamba huruma ya sokoni ni ya siku mbili. Siku ya tatu mtu atamwekea mkononi noti siyo, na shemeji zake wanaolimezea mate duka la marehemu watakuja kusema kipofu hawezi biashara, wamtunzie. Angeondoka pale akiwa na nguo zake tu.

Sasa, dada, shika kiti. Yale maneno yangu ya kijiweni yalikuwa yameota miguu. Vijana walishaanza kujazana mlangoni kwake wakichungulia hiyo suruali, na mmoja alipitisha kichwa chini ya kamba akiwa anacheka. Benadetha alinisimulia hilo bila kujua maneno yametoka kwa nani. Nikamwambia ni mimi. Nilitamani anipige na ile fimbo yake.

Nikaondoka nikaenda kijiweni moja kwa moja, na koti la katekista mwilini. Nikawaambia waache kumsumbua mama wa watu, mwenye suruali ni mimi. Nimejificha kwake muda wote na wao wanachungulia kama vifaranga. Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na unajua akiba yangu. Waliamini papo hapo, kwa sababu ya pafyumu. Mlangoni kwake pakawa peupe siku ile ile. Nani atapoteza muda kumchungulia Raimundi?

Nilirudi kumpa Benadetha habari kama shujaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Raimundi, umenivua kanga ili unifunike shuka." Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani ameshaniita, na yeye ameshaitwa. Kwa hiyo ukisikia wasafiri wa Mbinga wakisema mdogo wako anaishi na mjane bila ndoa, si kweli. Ila nimelisema mwenyewe, na jina lake sasa liko mikononi mwetu sisi ukoo.

Siri hii ya macho ameniruhusu kumwambia mtu mmoja tu. Nimekuchagua wewe. Hata shemeji usimwambie, mpaka Benadetha aseme mwenyewe.

Nilimuuliza bila mzaha kama ninaweza kuwatuma Chiwanda. Akasema tangu barakoa zianze hajauona uso wangu sawasawa, na sasa hatauona tena, kwa hiyo nimweleze ulivyo. Na nisitie chumvi. Nikaanza na kawaida yangu, kwamba wanawake wa Songea huwa wanasimama barabarani. Akanikatiza kwamba hiyo ni chumvi. Nikajaribu tena, majigambo yakaniishia. Basi nikamwambia. Nywele za kando zimeingia mvi. Jino la mbele halipo, lilibaki kwenye mawe ya Kitai nilipoanguka na pikipiki, na nikicheka naweka ulimi pale kuziba. Jicho moja ni dogo kuliko lenzake. Chini ya macho kuna mifuko ya mtu anayekula peke yake. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo, hata kioo.

Akanyoosha mkono, nikausogelea. Akapapasa polepole mvi, mifuko, akafika mdomoni kwenye pengo, akakaa hapo kidogo. Akasema, "Mbona ni mzuri. Mwambie dada yako waende."

Basi nendeni, dada. Nendeni mapema, kabla Septemba haijaisha. Msipeleke maneno mengi, wazee wa Chiwanda hawapendi majigambo, ndiyo maana mimi siji.

Msalimie shemeji Stanslaus, umwambie atulize kifua, tutamhitaji kuongea. Msalimie Aurelia na watoto wake, na majirani wote waliokuwa wakinisikia kwenye simu yako. Waambie nimekuwa mtu wa maneno machache. Hawataamini, lakini wewe waambie tu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukutegemea,

Raimundi