Ramani ya Baba Iliyogoma Kufunguka

Bigwa, 14 Juni

Kaka Prosper,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua zimekatika na mama ameanza kuvuna karoti.

Tangu tumzike baba nahangaika na kompyuta yake. Ramani za nyumba alizochora zimehifadhiwa katika muundo wa zamani, na programu za siku hizi hazizifungui. Nikaandika programu yangu ya kuzigeuza, faili moja baada ya jingine. Mwanzoni mistari ilitoka vizuri lakini maandishi yalipotea. Jana niliona kosa langu, nikalirekebisha, na majina ya vyumba yakatokea.

Ramani ya mwisho ni ya nyumba yetu. Aliichora mwaka jana, miaka sita baada ya kukufukuza. Ameongeza chumba upande wa mlimani, akaandika ndani yake: "Prosper na familia."

Mama alipoisoma alikaa chini. "Sasa mbona hakusema?" akaniuliza.

Mazikoni hukuja, na sikulaumu. Hata mimi niliamini baba hataki kukuona.

Nimeichapisha, imo humu kwenye bahasha. Mama anaomba umwambie una watoto wangapi.

Mdogo wako,
Leokadia