Chumba Chenye Dirisha la Kioo

Kitui, Ijumaa, Agosti 1954

Nani mwenye bahati kama mimi Kitui hii? Tajiri wa hoteli ninapopika chapati amenipa chumba, tena bure, chenye dirisha la kioo. Hata Mombasa, ambako nimefika mara mbili, sikuona kama hicho.

Ndivyo nilivyowaambia leo akina mama wa ile nyumba yetu. Waliijenga kwa kusuka vyondo, vile vikapu vya katani, na kuviuza, ili sisi tunaofanya kazi mjini tupate pa kulala. Vitanda vilikuwa vimejaa, na Kalunde amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Ametoka Makueni kuanza kazi ya kufua hospitalini.

Mama Zainabu, mkubwa wa nyumba, alinikazia macho. "Mwende, hatumtoi mtu hapa kama hana pa kwenda."

"Mama, mimi ni wa dirisha la kioo sasa!"

Wenzangu wakacheka. "Basi Jumapili tunakuletea kiondo chako. Na chai iwe ya maziwa!"

Ni desturi yao. Anayehama husindikizwa kwa nyimbo hadi chumbani kwake, akatundikiwa kiondo kipya ukutani. Wengi nimewasindikiza, nikiimba kuliko wote.

Sasa niko jikoni hotelini, juu ya magunia ya unga. Hakuna anayekoroma, hakuna wa kunigombeza nizime taa. Kelele zao zilinichosha sana, na leo...

Kalunde na mtoto wamelala kitandani kwangu. Hilo ni zuri.

Lakini Jumapili watakuja wakiimba, na chumba hakipo. Tajiri hajanipa hata msumari wa kutundikia kiondo.