Nyumba Yetu, Ardhi ya Mtu

Jumatano, 14 Mei. Asubuhi manyunyu, kisha jua la kivivu.

Bado nasikia sauti ya mama kwenye kikao cha leo cha maoni ya wananchi. Afisa wa kaunti alieleza kuwa wenye ardhi watapunguziwa kodi, na pengo lizibwe kwa kupandisha ushuru wa soko. Mama, na nazi zake za kuuza, akasimama.

"Mwanangu, nyumba ni yangu, ardhi ni ya mtu. Kila mwezi namlipa ijara ya kiwanja. Hiyo nafuu itanifikia?"

"Nafuu ni ya mwenye hati, mama."

"Na ushuru?"

"Huo ni wa kila muuzaji."

"Basi wallahi mimi ndiye nitakayemlipia kodi tajiri wangu wa kiwanja."

Watu walicheka. Mimi sikuweza.

Nimeandika maoni yetu kwa mwandiko safi: mwenye ardhi akipunguziwa kodi, naye apunguze ijara. Nitayapeleka kesho ofisi ya kaunti. Wasipoyasoma, sijui mama ataongeza nazi ngapi.

Nikifumba macho naiona nyumba ikipanda taratibu, na kuta zake na mapazia, kiwanja kikibaki chini kitupu.

Mama amelala, kiganja chake ukutani.

Nami nalala, saa tano na robo.