Mkate Uliomnenepesha Mbuzi Wako

Nyumbani, mezani jikoni
Jumapili jioni

Mpendwa mdogo wangu,

Basi simu ilipokatika nilikuwa nimefika kwenye pumzi ya yule mbuzi uliyeniachia. Inanukia tamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Lakini ngoja kwanza, hujambo? Mtoto ananyonya vizuri? Sisi wazima, magoti yangu tu ndiyo yananung'unika.

Tuendelee. Unamjua shemeji yako na huruma zake. Kila mkate ulioungua huko bekari kwake, kwa mbuzi. Eti ana mimba, ale ashibe, maziwa yaje kwa ndoo. Mbuzi akanenepa, mgongo kama meza. Nikamuuliza unamlisha au unamtunisha? Akaniambia niache wivu.

Kuzaa akazaa salama, jike zuri, masikio marefu kuliko akili. Halafu mama mtu akasusa. Pumba hataki, majani hataki, mkate wenyewe anaupa kisogo. Kiwele kikanywea. Mtoto anavuta, anavuta, anaambulia upepo. Mbavu unaziona toka mlangoni.

Nikamwita daktari wa mifugo, yule dada wa pikipiki. Akanusa mdomo wa mbuzi kama anaonja mchuzi. Kumbe alinenepa mno kabla ya kuzaa. Sasa maziwa yanataka nguvu, kula hali, basi mwili unayeyusha mafuta yake wenyewe mpaka ini limezidiwa, na ile harufu tamu ndiyo dalili yake. Asipoanza kula wiki hii, tutawakosa wote wawili. Nikauliza, na mtoto je?

"Mtoto anakula anachokula mama," akasema. "Tunaanzia kwa mama."

Tangu hapo shemeji yako kapoa kama uji wa jana. Anamnywesha molasi, ule uji mweusi wa sukari ya miwa, kwa chupa, majani anamkatia mwenyewe. Jana nimemkuta kapiga magoti bandani, anamwambia mbuzi, "Nisamehe mama, nilidhani ndiyo mapenzi." Nikarudi kinyumenyume. Hata mimi nina moyo.

Na wewe unayenyonyesha, kula chakula, usishinde na chai na biskuti. Usinune, sijakufananisha na mbuzi. Kidogo tu.

Nisalimie mumeo, na wifi yako mwenye maneno. Mtoto mbusu kisogoni. Mungu akujaze afya na maziwa tele.

Subiri, shemeji yako ananiita toka bandani.

"Mama watoto, njoo. Mama anatafuna, na huyu mdogo ana povu la maziwa mdomoni."

Naiacha kalamu hapahapa.

Akupendaye,
Dada yako